Jaji aliyemtoa mzungu jela

Mtaa wa Ben Kiwanuka mjini Kampala hauna subira na mtu anayeshangaa. Uko jirani na ile stendi ya zamani ya mabasi madogo. Bodaboda zinapita juu ya vidole vya watu, wabeba mizigo wanapiga kelele wapewe njia, na kila duka lina duka jingine ndani yake. Nilikuwa natafuta chaja. Muuzaji, mzee mwenye miwani aliyewahi kuishi Nairobi, alipojua natokea Tanzania aliachana na Kiganda akaingia Kiswahili kwa furaha. Alipokuwa anahangaika na chenji nikamuuliza: mzee wangu, huyu Kiwanuka wa mtaa wenu alikuwa nani hasa?

"Jaji," akasema. "Alitoa mzungu jela, Amin akamuua."

Akahesabu noti, akanikabidhi. Halafu akaongeza, kama anayejisemea:

"Mzungu alipata jaji. Sisi nani alitutoa?"

Mteja mwingine akafika, nami nikasombwa na watu kuelekea barabarani.

Wiki kadhaa sasa swali hilo limenikaa kooni. Benedicto Kiwanuka nilikuwa nimeshamweka kwenye rafu ya mashujaa, mahali ambapo mtu hasumbuliwi tena kwa maswali. Mzee wa chaja alimshusha kwa sentensi mbili, tena bila chuki yoyote.

Mwana wa Buddu

Alizaliwa Mei 1922, upande wa Masaka, katika jimbo la Buddu. Watu wa Kagera wanaijua njia hiyo: ukishavuka Mutukula, Masaka ndiyo inayokupokea. Ni Masaka ileile ambayo majeshi yetu yaliingia Februari 1979. Kwa Mganda, yaani mtu wa ufalme wa Buganda, Buddu ina historia nyingine. Baada ya vita vya dini vya mwaka 1892, vyeo na maeneo viligawanywa kwa madhehebu. Waprotestanti wakabaki na fungu nono la vyeo vya Mengo, makao ya Kabaka, mfalme wa Buganda, nao Wakatoliki wakapewa Buddu. Kiwanuka alikuwa Mkatoliki, tena mtoto wa watu wa kawaida. Mambo hayo mawili yalimfuata hadi mwisho.

Vita vya Pili vilimkuta kijana. Akaingia KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, akafika Misri na Palestina, akapanda hadi usajini meja. Alitoka jeshini mwaka 1946, mwaka uleule ambao kijana mmoja kutoka kaskazini aitwaye Idi Amin aliingia KAR hiyohiyo. Mmoja alivua kombati, mwingine akavaa.

Kazi aliyoipata baadaye ndiyo inayonivutia kuliko zote: ukarani na ukalimani wa Mahakama Kuu. Aliyewahi kukaa kwenye benchi la wasikilizaji anajua nafasi ya mkalimani. Anasimama katikati ya jaji asiyemwelewa mshtakiwa na mshtakiwa asiyemwelewa jaji, na maneno ya wote wawili yanapita mdomoni mwake. Anaona mtu akirudi nyumbani kwa sababu hati ilikosewa mstari mmoja, na mwingine akipelekwa gerezani kwa sababu ilikuwa sawasawa. Nadhani hapo ndipo sheria ilipomwingia. Aliondoka Kampala akiwa mtu mzima, akaenda Basutoland, Lesotho ya leo, kwenye chuo cha Kikatoliki cha Pius XII, katika mji wa hukohuko uitwao Roma. Kutoka huko akaenda London. Mwaka 1956 akapokelewa uwakili Gray's Inn, akarudi kufungua ofisi Kampala.

Miaka miwili baadaye alikuwa rais wa chama cha DP, Democratic Party.

Ushindi usio na wapigakura

DP kilikuwa chama cha Wakatoliki waliochoka kuambiwa wasubiri. Wapinzani wake walikibatiza kwa Kiswahili kabisa: Dini ya Papa. Kejeli hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake, na Kiwanuka alitumia nguvu nyingi kuifuta, akitaka chama cha nchi nzima. Kuifuta kabisa hakuweza.

Mwaka 1961 ukaja uchaguzi, na hapa ndipo naanza kumwona mtu mwenyewe.

Mengo iliususia. Serikali ya Kabaka iliona kwamba Bunge la Uganda nzima lingeimeza Buganda, ikawaambia watu wake wasijiandikishe. Na Waganda, isipokuwa wachache mno, wakatii. Kujiandikisha kulikuwa kumkana Kabaka. Waliothubutu waliweza kuamka wakakuta migomba yao imefyekwa.

DP kikaingia hivyohivyo. Waliopiga kura Buganda walikuwa kiganja tu cha watu, lakini viti vya Buganda vilikuwepo, na kanuni haikusema popote kwamba kiti kinahitaji umati. DP kikachukua karibu vyote. UPC, chama cha Milton Obote, ilipata kura nyingi zaidi kwa jumla nchini. DP kikapata viti vingi zaidi. Kiwanuka akaunda serikali.

Kisheria hakukuwa na kasoro yoyote. Ila hebu jiweke mahali pa Mganda wa mwaka ule: umeambiwa na Kabaka wako usipige kura, umetii, na asubuhi unamkuta mtoto wa mkulima kutoka Buddu, Mkatoliki, amekaa kiti cha juu kuliko cha Kabaka. Na anakuambia ni halali, soma sheria.

Mwanasiasa mwerevu angefanya haraka kwenda Mengo, apige magoti, aombe baraka, atafute mahali pa kukutana. Kiwanuka alipiga magoti kidogo sana. Alikuwa na hati mkononi na kwake hati ilitosha.

Julai 1961 akawa Waziri Kiongozi. Machi 1962 Uganda ikapewa madaraka ya ndani, naye akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi hiyo. Cheo hicho wengi tunampa Obote kwa mazoea.

Miezi kumi

Aliongoza miezi kumi tu.

Katika mkutano wa katiba mjini London, mwaka 1961, wajumbe waligongana kwenye jambo lililoonekana dogo: wabunge wa Buganda wachaguliwe na wananchi moja kwa moja, au wateuliwe na Lukiiko, baraza la Mengo? Kiwanuka alisema wananchi. Alipoona upepo umegeuka, akatoka mkutanoni na ujumbe wake. Waliobaki mezani, Obote na watu wa Mengo, wakaelewana. Waprotestanti wa kaskazini na wafuasi wa Kabaka, watu ambao hawakuwa na jambo la kuwaunganisha isipokuwa yeye, wakawa ndugu.

Nikisoma kumbukumbu za siku hizo huwa natamani kumshika bega. Kaa, bwana. Kaa mezani hata kama wanakosea. Kwa hoja alikuwa sahihi, maana miaka iliyofuata ilionyesha hatari ya muungano ule wa UPC na Kabaka Yekka, chama cha wafuasi wa Kabaka: mwaka 1966 Obote huyohuyo aliweka katiba kando na kutuma jeshi kwenye jumba la Kabaka, likiongozwa na Amin. Lakini katika siasa aliyetoka chumbani hana kura.

Februari 1962 Kabaka Yekka wakazoa viti 65 kati ya 68 vya Lukiiko vilivyogombewa. Aprili DP kikashindwa uchaguzi mkuu. Kiwanuka akakabidhi ofisi kwa amani, na bendera ya uhuru ya tarehe 9 Oktoba ikapandishwa mbele ya Obote. Mwisho wa mwaka 1964 kiongozi wa DP bungeni, Basil Bataringaya, akahamia upande wa serikali. Chama kikanyauka. Desemba 1969, baada ya Obote kupigwa risasi na kunusurika, vyama vya upinzani vikapigwa marufuku. Kiwanuka akawekwa kizuizini bila kesi.

Wakili wa Gray's Inn, Waziri Mkuu wa kwanza, ndani ya gereza la Luzira, na hakuna hati ya mashtaka ya kubishana nayo. Kwa mtu wa aina yake sijui kama kulikuwa na adhabu kubwa kuliko hiyo.

Kiti kutoka kwa Amin

Januari 25, 1971, Amin alipindua serikali. Siku tatu baadaye wafungwa wa kisiasa 55 waliachiwa, Kiwanuka akiwemo. Juni akateuliwa Jaji Mkuu, Mganda wa kwanza, na Mwana-Uganda wa kwanza kwa ujumla, kukalia kiti hicho.

Kwa nini alikubali? Hapa nimekwama muda mrefu.

Upande mmoja ni rahisi kumwelewa. Kampala ilikuwa inacheza ngoma. Mwili wa Kabaka Mutesa, aliyefia uhamishoni London, ulirudishwa na kuzikwa Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme, Aprili ile, na Waganda wengi walimsamehe Amin kila kitu kwa jambo hilo moja, hata lile la kuwashambulia Mengo. Mtu aliyekutoa jela anakupa mahakama uiongoze. Utasema nini?

Upande wa pili haunipi usingizi. Kufikia Julai 1971, mwezi mmoja baada ya uteuzi, askari wa Kiacholi na Kilangi walikuwa wanauawa kambini kwa mamia. Wamarekani wawili, Nicholas Stroh na Robert Siedle, walikwenda Mbarara kuuliza habari hizo, wakauawa hukohuko. Jaji David Jeffreys Jones aliteuliwa kuchunguza vifo vyao. Alifuata ushahidi hadi kwa maofisa wa jeshi, kisha akaondoka nchini na kuwasilisha ripoti yake akiwa nje. Kwa hiyo Jaji Mkuu hakuwa gizani. Mwenzake wa benchi alikuwa amemwonyesha ukweli ulivyo, na njia ya kutokea pia.

Kiwanuka alibaki. Jina lake likabaki juu ya mlango wa mahakama, na serikali ya Amin ikapata heshima ya kuwa na Jaji Mkuu mwenye sifa. Nasema hivi bila kumvunjia mtu heshima: jina hilo lilimfaa Amin zaidi ya mwaka mzima.

Kesi ya Stewart

Ikaja Septemba 1972. Agosti Amin alikuwa ametangaza kwamba Waasia wenye uraia wa Uingereza wana siku 90 kuondoka. Mji ulikuwa umejaa foleni, minada ya makochi, na askari. Mwingereza mmoja, mfanyabiashara aitwaye Stewart, akakamatwa na wanajeshi na kuwekwa kizuizini.

Mawakili wakapeleka ombi Mahakama Kuu. Ombi lenyewe ni la zamani na halina urembo: aliyemshika mtu amlete mbele ya jaji, aeleze amemshika kwa sheria ipi. Akishindwa, mtu aende zake.

Uganda ilikuwa imeshaliona ombi la namna hiyo kabla. Mwaka 1966 Michael Matovu, chifu wa Buganda aliyewekwa kizuizini na Obote, alilipeleka kwenye mahakama hiyohiyo. Majaji, wakiongozwa na Udo Udoma kutoka Nigeria, walionyesha moyo mkubwa kwenye jambo dogo: karatasi za Matovu zilikuwa na kasoro, wakasema uhuru wa mtu hauwezi kukwama kwa kasoro za karatasi. Kisha wakafika kwenye jambo kubwa. Katiba ya Obote iliyoletwa kwa mabavu ni halali au si halali? Wakajibu kwamba mapinduzi yakifaulu yanazaa sheria mpya. Wanafunzi wa sheria Afrika Mashariki wameikariri hukumu hiyo kizazi hadi kizazi. Maana yake kwa lugha ya mtaani: mwenye nguvu ndiye mwenye katiba.

Kiwanuka alikuwa na mlango huo wazi mbele yake. Angeingia, na wasomi wangemtetea.

Badala yake aliuliza swali la karani: wanajeshi wana mamlaka gani ya kumkamata raia na kumfungia hivi? Hakuna. Basi aachiwe.

Ni hilo tu. Hakuna hotuba ya kishujaa ndani yake, na naona uzuri wake uko hapo. Kilichomchoma Amin, kwa maoni yangu, hakikuwa Stewart. Mwingereza mmoja zaidi au pungufu kilikuwa kitu gani kwake, mwezi ambao alikuwa anafukuza maelfu? Kilichomchoma ni sababu iliyotolewa. Kama mwanajeshi hana mamlaka ya kumkamata Stewart, basi hana mamlaka ya kumkamata Okello wala Mukasa. Serikali nzima ya Amin ilikuwa imejengwa juu ya mamlaka hayo yasiyokuwepo.

Alhamisi

Septemba 17 wapiganaji wa Obote walivuka mpaka kutoka Tanzania. Uvamizi ulishindwa haraka, lakini ulimpa Amin kisingizio alichohitaji. Siku nne baadaye, Alhamisi ya tarehe 21, watu wenye silaha waliovaa kiraia waliingia Mahakama Kuu asubuhi, wakamfuata Jaji Mkuu ofisini kwake. Wakamtoa amefungwa pingu, hana viatu, wakampakia kwenye gari. Makarani waliona. Watu waliofuata kesi zao waliona.

Serikali ikasema ni wapiganaji wa Obote waliomteka.

Masimulizi ya kifo chake ni mengi na yanapingana. Mengi yanaishia kambi ya Makindye. Familia yake haikupewa mwili hadi leo. Majuma yaleyale alipotea Joseph Mubiru, aliyewahi kuwa Gavana wa Benki ya Uganda, na Frank Kalimuzo, makamu mkuu wa Chuo cha Makerere. Bataringaya naye, yule aliyehama chama ili awe salama upande wa wenye nguvu, aliuawa Mbarara mwaka huohuo.

Na hii mahakama aliyotolewa ndiyo taasisi ileile aliyoitumikia kama karani.

Nani alipeleka karatasi?

Sasa swali la mzee.

Jibu la wakili ni fupi. Jaji haendi kambini kutafuta wafungwa. Anasubiri ombi. Stewart alikuwa na watu wa kuajiri wakili na ubalozi wa kupiga simu. Mke wa askari wa Kilangi aliyepotea Mbarara alikuwa na nini? Angemwendea wakili gani, na wakili huyo angesaini jina lake chini ya karatasi hiyo? Hivyo mlango wa mahakama ulikuwa wazi kwa wote, na aliyeweza kuufikia alikuwa mzungu.

Nimelizungusha jibu hili mara nyingi na haliniridhishi. Ni la kweli, lakini ni lile lile la mwaka 1961: kanuni imefuatwa, viti vimehesabiwa, mbona mnalalamika? Waganda waliokaa nyumbani mwaka ule na wajane wa mwaka 1971 wangeweza kumwambia Kiwanuka maneno yanayofanana. Sheria yako ni sahihi, ila sisi hatumo.

Lakini kadiri ninavyomtazama ndivyo ninavyoshindwa kumgawa mara mbili, kwamba mwanasiasa ndiye mbovu na jaji ndiye mzuri. Ni mtu mmoja. Ule ugumu uliomfanya atwae madaraka kwa kura za watu wachache, ukamtoa kwenye meza ya London, ukampotezea nchi, ndio ulimfanya mwaka 1972 asome sheria kama ilivyoandikwa wakati kila aliye karibu naye alikuwa anaisoma kwa jicho moja, lingine likiangalia bunduki. Mtu laini zaidi angekuwa Waziri Mkuu wa muda mrefu. Pia angemwacha Stewart aoze, na kueleza kwa ufasaha kwa nini.

Aliyemrithi, Samuel Wako Wambuzi, aliishi, na alikuja kukalia kiti hicho mara tatu katika tawala tofauti. Simlaumu hata kidogo. Kuna kazi ya mahakama ambayo inahitaji majaji walio hai.

Mjukuu na mhadhara

Ukiandika jina la Kiwanuka kwenye intaneti unaweza kukutana kwanza na jitu lenye kofia ngumu: Mathias Kiwanuka, mjukuu wake, aliyecheza soka la Kimarekani na New York Giants na kutwaa ubingwa nao. Nilicheka. Kisha nikaona inafaa, ukoo umeendelea.

Mahakama ya Uganda nayo imeanza kumkumbuka rasmi. Tangu 2018 huandaa mhadhara wa kumbukumbu yake kila Septemba, wakubwa wanavaa suti, zinatolewa hotuba nzuri. Sina ubaya nazo. Ila swali la kesi ya Stewart, mwanajeshi ana mamlaka gani juu ya raia, halijawahi kuwa la kihistoria nchini humo. Novemba 2024 Kizza Besigye, mwanasiasa wa upinzani, alitekwa Nairobi, kwenye ardhi ya Kenya, akaibuka Kampala mbele ya mahakama ya kijeshi. Ni raia, daktari, aliyestaafu jeshi zamani.

Januari 31, 2025, Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba mahakama za kijeshi kuwashtaki raia ni kinyume cha katiba. Wakati huu aliyepeleka karatasi hakuhitaji ubalozi. Alikuwa Michael Kabaziguruka, mbunge wa zamani wa Nakawa, aliyeshtakiwa kwenye mahakama hizo na kufungua shauri lake mwaka 2016. Alisubiri zaidi ya miaka minane kupata neno la mwisho. Bunge lilihitaji chini ya miezi sita kupitisha sheria inayorudisha mlango wa raia kupelekwa huko katika mazingira fulani, na Museveni akaisaini Juni.